Gari Iliyogoma Kuzima: Historia ya Turbo Kutoka Oldsmobile ya 1962 Mpaka Mlima Kitonga

Sasa bwana, kuna kijana mmoja wa Dar, miaka 29, anauza kava na chaja za simu pale Kariakoo. Huyu jamaa alinunua Subaru Forester ya turbo. Hakuitoa yadi, aliinunua mkononi kwa mtu. Gari ya mwaka 2003, namba D, rangi ya fedha, na lile tundu kwenye boneti ambalo vijana wakiliona tu wanajua hii siyo Forester ya kawaida. Hela haikuwa ya mchezo. Ilitoka kwenye kiwanja cha Chanika ambacho marehemu baba yao aliwaachia yeye na dada yake. Dada alikubali kiuzwe kwa sharti moja: gari iwe ya familia, na Desemba impeleke mama Iringa.

Jioni ya siku ya kwanza kafika nyumbani, kazima gari, kachomoa ufunguo. Gari ikaendelea kunguruma. Akarudisha ufunguo, akauzungusha, akautoa tena. Wapi! Chini ya dashibodi palikuwa na kiboksi kidogo kinahesabu namba nyekundu kurudi nyuma: 48, 47, 46. Watoto wa jirani wakaja kushangaa gari inayonguruma bila ufunguo. Ilipofika sifuri ikazima yenyewe.

Kesho yake akaipeleka kwa fundi umeme. Fundi akacheka. "Hii alamu imekufa, bosi. Ukiiacha itakumalizia betri." Akakata waya, akaunga, akafunga tepu, akalipwa elfu ishirini. Kiboksi kikabaki kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kile kiboksi hakikuwa alamu. Kinaitwa turbo taima, na nyuma yake kuna historia ndefu ya watu walionunua gari za turbo bila kuambiwa zinataka nini. Wa kwanza wala hawakuwa Wabongo. Walikuwa Wamarekani wa mwaka 1962, tena walionunua gari mpya kabisa. Ila kabla ya kufika kwao, turudi nyuma kidogo tuone hiki kidude kilitoka wapi.

Turbo ni wazo la mhandisi mmoja wa Uswisi aliyelisajili mwaka 1905. Alichoona ni kitu rahisi. Injini inavuta hewa, inachanganya na mafuta, inachoma, halafu moshi unatoka kwenye ekzosi ukiwa bado na joto kali na kasi kubwa. Nguvu yote hiyo inaenda hewani bure. Akasema tuweke pangaboi dogo kwenye njia ya moshi, moshi ulizungushe. Upande wa pili wa chuma hichohicho tuweke pangaboi lingine la kushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua, na injini ileile inatoa nguvu ya injini kubwa.

Ilichukua miaka mingi kufanya kazi vizuri. Katika miaka ya 1920 Wajerumani walifunga turbo kwenye injini za dizeli za meli mbili za abiria, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Kabla ya hapo, mwaka 1918, Wamarekani walikuwa wamepandisha injini ya ndege hadi kilele cha mlima Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300, ambayo ni kama robo tatu ya Kilimanjaro. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ambayo chini ilikuwa na farasi 350 ilibaki na kama 230. Wakaifunga turbo, ikarudi 356. Yaani turbo ilikuwa inaidanganya injini kwamba bado iko pwani.

Sasa kumbuka hao wote walikuwa nani. Meli ina mainjinia wanaoishi na injini usiku na mchana. Ndege ina mafundi wake kila inapotua. Hata malori ya dizeli yalipoanza kufungwa turbo, dereva alifundishwa kazini na dereva mwenzake, na utingo akajifunzia hapohapo. Kwa miaka mingi turbo haikuwahi kuachwa mikononi mwa mtu anayejua ufunguo na usukani tu.

Hapo ndipo inapokuja 1962. Kampuni ya General Motors iliingiza sokoni gari mbili ndogo za turbo mwaka huohuo, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndiyo yenye stori. Injini yake ilikuwa V8 ya aluminiamu, lita 3.5, farasi 215. Shida ni kwamba ndani ya silinda hewa ilikuwa inabanwa sana hata kabla ya turbo kuongeza ya kwake. Ukibana hivyo, mafuta yanaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati, na injini inagonga. Mafundi wetu wanaita kunoki, na injini ikinoki kwa muda, pistoni zinatoboka.

Wahandisi wakaja na dawa. Wakaweka tanki dogo la maji yaliyochanganywa na pombe ya methanoli, yananyunyizwa kwenye hewa inayoingia ili kupooza joto. Wakayapa jina la kibiashara, Turbo-Rocket Fluid. Mwenye gari alitakiwa kuangalia tanki na kujaza, basi. Na kwa sababu walijua binadamu anasahau, wakaweka na ulinzi: tanki likikauka, kilango kinajibana na turbo inakosa presha, injini isijiue.

Unadhani nini kilitokea? Watu hawakujaza. Wengine walisahau, wengine hawakuwahi kuelewa kile kitanki ni cha nini. Kilango kikajibana kama kilivyopangiwa, gari ikawa nzito, mwenye gari akarudi kwa muuzaji akilalamika kwamba aliuziwa gari ya kasi na sasa haivuti. Ulinzi uliowekwa kumuokoa ukageuka kuwa lawama. Baada ya miaka miwili na gari 9,607, Jetfire ikasimamishwa. Mwaka 1965 kampuni ikawaambia wenye gari wazilete, turbo itolewe, ifungwe kabureta ya kawaida. Wengi wakakubali. Ndiyo maana leo Jetfire yenye turbo yake halisi ni kitu adimu sana.

Ukiitazama vizuri, ile gari haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni mtu wa kumkalisha mnunuzi chini dakika tano amuelekeze.

Baada ya hapo turbo ilipoa kwenye gari ndogo kwa miaka kumi hivi. BMW wakaileta na 2002 Turbo mwaka 1973, wakati mbaya kabisa maana mafuta yalipanda bei dunia nzima mwaka huohuo. Porsche wakaja na 911 Turbo mwaka 1975, gari ya matajiri, nguvu yake inakuja ghafla kama mtu amekusukuma mgongoni. Waliobadilisha mchezo ni Saab wa Sweden. Mwaka 1977 walionyesha 99 Turbo, injini ya lita 2 tu, farasi 145. Walitumia turbo ndogo inayoamka mapema, na kilango cha kumwaga presha ikizidi, kile mafundi wanachoita westigeti. Hii sasa ikawa turbo ya mwalimu na ya daktari, ya kwenda kazini na kurudi.

Na hapo likaibuka tatizo jipya. Pangaboi la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande wa moshi, kwenye injini ya petroli, joto linaweza kufika nyuzi 900. Kile chuma cha katikati hakikai kwenye beringi za golori kama tairi la baiskeli. Kwenye turbo nyingi za enzi zile kinaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Ukitoka kukimbiza gari ukazima ghafla, pampu inasimama, oili inasimama, lakini joto bado lipo. Oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kuwa masizi magumu kama ukoko wa sufuria. Siku moja haina shida. Ukifanya hivyo kila siku mwaka mzima, njia ya oili inaziba na chuma kinaanza kusaga chuma.

Ndiyo maana vitabu vya gari nyingi za turbo za miaka ya 1980 vilimwambia dereva aache gari ingurume kidogo kabla ya kuzima. Watengenezaji wakaenda mbele zaidi, wakapitisha maji ya rejeta kwenye mwili wa turbo ili joto liendelee kutolewa hata injini ikishazimwa. Lakini bado kitabu kinakaa kwenye dashibodi, na nani anasoma kitabu cha gari?

Wajapani walisoma. Au tuseme, walikuwa na sababu ya kusoma. Nissan walitoa Cedric na Gloria za turbo mwishoni mwa 1979, za kwanza kwa gari ndogo za Japani. Kule kodi ya gari iliruka sana injini ikizidi lita 2, kwa hiyo ukitaka nguvu bila kulipa kodi ya kitajiri, turbo ndiyo njia. Miaka ya 1980 kila kampuni ikaingia, mpaka vile vigari vyao vya cc 550 vikafungwa turbo. Maduka ya vifaa yakaona biashara. Wakatengeneza kiboksi kinachoishikilia injini ikingurume dakika moja au mbili baada ya dereva kuchomoa ufunguo na kwenda zake. Dereva hana haja ya kukumbuka chochote, kiboksi kinamkumbukia. Ndicho hicho kilichotupwa kwenye ndoo ya fundi umeme.

Sasa kwa nini gari hizi zinapendwa hivi huku kwetu? Jibu lipo Safari Rally. Toyota Celica ya turbo ilishinda pale Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1994 Mkenya alishinda kwa Celica ya turbo, na Mkenya mwingine akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza iliyokuwa karibu sana na ile ya dukani. Mwaka 1997 Impreza ya bluu ya Mskoti ikachukua ubingwa, 2000 ikachukua tena na Mwingereza. Watoto waliokuwa wamesimama kando ya barabara za vumbi waliona gari ikipita kama radi. Kitu ambacho hawakukiona ni magari ya mafundi yaliyokuwa yanaisubiri mbele. Kwenye Safari ya zamani gari ilikuwa ikisimama, watu wanaivamia, wanabadilisha vitu, wanaangalia oili, inaondoka. Tuliipenda gari. Ile timu ya nyuma yake haikuja na meli.

Turudi kwa kijana wetu.

Desemba ikafika. Safari ya Iringa, mama mbele, dada nyuma na mizigo. Kutoka Mikumi jamaa alikuwa anaikanyaga, turbo inaimba, anapita mabasi. Kwenye kubadili gia ilikuwa inatoa ile "pshaaa" ambayo vijana wa Subaru wanaipenda kuliko redio. Wakasimama Ruaha Mbuyuni, mama anataka vitunguu. Akazima palepale, joto lote ndani. Nusu saa baadaye wakaanza kupanda Kitonga. Kona ya tatu au ya nne hivi, mlio ukabadilika, ukawa kama filimbi ya trafiki iliyopasuka. Nguvu ikakata. Nyuma ukatanda moshi wa rangi ya bluu mpaka lori la nyuma likawasha taa.

Dereva wa lile lori alishuka. Akamsalimia mama kwanza, shikamoo mama, poleni na safari. Kisha akamgeukia kijana. "Dogo, pale Mbuyuni uliizima vipi?"

"Nilizima tu, kaka."

"Turbo hiyo. Sisi tukifika tunaiacha sailensa kwanza, ndio unashuka kunywa chai."

Mama alimalizia safari na basi, vitunguu vikiwa miguuni. Forester ilifika Iringa ikivutwa na kamba. Usiku huo dada alisema neno moja tu: "Kiwanja cha baba kimeishia Kitonga."

Maneno ya dereva wa lori yalikuwa kweli, lakini yalikuwa nusu. Kijana akaelewa kwamba kosa lilikuwa kuzima ghafla. Akakopa kwenye kikoba cha dada, akaenda Gerezani, akanunua turbo ya mtumba kwa laki sita, ikafungwa kwa siku moja. Akawa anaiacha gari ingurume dakika tatu kila akifika mahali. Wiki ya tatu filimbi ikarudi, na moshi juu. Muuzaji wa spea akasema ndo mtumba huo, bahati nasibu. Mshkaji wake akasema anunue mpya. Fundi aliyeifunga akasema gari ina mkosi.

Huu ndio ugonjwa wa zamani kabisa wa gari za turbo zilizozeeka. Turbo ndiyo inayopiga kelele, kwa hiyo turbo ndiyo inayobadilishwa. Lakini turbo mara chache inakufa yenyewe. Inauliwa, na muuaji akibaki ndani ya injini ataiua na ya pili, na ya tatu.

Aliyemkamata muuaji ni mzee mmoja wa Temeke, aliyeanzia ufundi kwenye malori. Kijana alipofika na kusema shikamoo mzee, nataka kufunga turbo nyingine, mzee aliitikia marahaba, halafu hakuigusa turbo kabisa. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kidole, akanusa. Akafungua kifuniko cha kumwagia oili, akakigeuza. Ndani kulikuwa na tope jeusi kama lami.

"Mwanangu, hii oili ulibadilisha lini?"

"Niliongeza tu mzee. Aliyeniuzia alisema ametoka kubadilisha."

Mzee akafungua bolti inayoleta oili kwenye turbo. Kwenye baadhi ya injini za Subaru za turbo za miaka ya 2000, ndani ya bolti za bomba hilo kuna chujio dogo la wavu, saizi ya ncha ya kidole cha mtoto. Kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie kwenye turbo. Likiziba, linazuia na oili pia. La gari hii lilikuwa limejaa chembe nyeusi hata mwanga haupiti. Turbo ya kwanza na ya pili zilikuwa zinazunguka karibu kavu. Hata angeacha gari ingurume saa nzima kabla ya kuzima, isingesaidia, maana oili ilikuwa haifiki.

Na turbo taima? Mzee alisema gari ile turbo yake inapoozwa na maji, kile kiboksi kilikuwa msaada, siyo uhai. Ukimaliza mwendo wako taratibu kilomita moja ya mwisho inatosha kwa siku nyingi. Ila kilikuwa ni ujumbe: gari hii ilikuwa na mtu aliyeijali kule Japani. Halafu ikapita mikono miwili mitatu hapa, na kila mkono ukaangusha kitu.

Akamuonyesha ujumbe mwingine uliokuwepo muda wote. Ndani ya boneti kulikuwa na kibandiko cha Kijapani, kimefifia. Kijana alikuwa amekiona, akadhani ni tangazo. Mzee hajui Kijapani, ila namba anazisoma: H22.5, chini yake 98,400. H ni enzi yao ya Heisei, na kupata mwaka wetu unajumlisha 1988. Kwa hiyo mwezi wa tano 2010, kwenye kilomita 98,400, mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Kule wanabadilisha kwenye kama 100,000. Dashibodi ya gari sasa ilisoma 187,000, na miaka zaidi ya kumi na mbili ilikuwa imepita. Kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unanunua injini nzima. Mdau mwenye gari ya Japani, ukitoka hapa kaangalie kwenye boneti na kwenye pembe ya mlango wa dereva. Ikiwa ni R badala ya H, jumlisha 2018.

Kazi ilichukua siku tisa. Sampo ya oili ikashushwa, mtungi wa tope ukatolewa, bomba la kunyonya oili likasafishwa. Chujio za wavu na bomba la turbo zikawekwa mpya. Mpira wa kupumulia injini nao ulikuwa umeziba, na huo ukiziba presha ya ndani inasukuma oili kwenye turbo hata kama turbo ni nzima, kwa hiyo unaona moshi wa bluu unalaumu asiye na kosa. Mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji vikabadilishwa pamoja, maana ukishafungua huko hufungui mara mbili.

Kisha mzee akahamia kwenye uvujaji. Aliziba mdomo wa bomba la hewa, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, akapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote mpaka kwenye intakula. Povu likatoka sehemu tatu. Gari ya turbo ikiwa na tundu upande wa presha, hewa ambayo sensa ilishaihesabu inatorokea nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo, ndiyo unaona moshi mweusi, gari nzito na petroli inakunywewa. Na ile "pshaaa" tamu? Habari ndiyo hiyohiyo. Aliyeuza gari alikuwa amefunga valvu ya kumwagia hewa nje badala ya ile ya kiwandani inayoirudisha ndani. Mzee akarudisha ya kiwandani. Kijana alisikitika kidogo, tusidanganyane.

Turbo ya tatu ilikuwa ile ya kwanza, imefanyiwa matengenezo, beringi na sili mpya. Kabla ya kuifunga mzee alimpa kijana aishike. Akamwambia asukume chuma cha katikati kushoto na kulia. Kikacheza kidogo sana. Mbele na nyuma hakikucheza. Ile ya mtumba ilikuwa inatembea mbele na nyuma mpaka mabawa yamekwaruza ukuta. Kipimo hicho hakina mashine, unatoa bomba la hewa gari ikiwa baridi unaingiza kidole, na kama kijana angekijua siku anainunua gari, bei ingeshuka au angeondoka zake.

Kabla ya kuwasha, oili ilimiminwa kwenye turbo kwa mkono, fyuzi ya pampu ya petroli ikatolewa, injini ikazungushwa na stata mpaka taa ya oili ikazima. Ndipo ikawashwa. Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya kilomita 1,000, ya pili baada ya 1,000 nyingine, ili kuzoa mabaki ya tope taratibu. Kuanzia hapo kila 5,000. Kwenye mafuta mzee alimfungulia kifuniko cha tanki, kumbe na penyewe kuna maandishi ya Kijapani: gari inataka petroli ya oktani ya juu, ambayo kule haiwi chini ya 96. Ukiweka ya chini kompyuta inachelewesha cheche ili isinoki, nguvu inapungua. Siku ya kupanda mlima mrefu na mzigo, usiikanyage kama uko kwenye mashindano.

Bili yote ilikaribia robo ya bei ya gari. Dada alilipa sehemu, na akaandika kwenye daftari.

Siku hizi pembeni ya kile kibandiko cha Kijapani kuna tepu ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu ya maka kwa Kiswahili: mkanda, kilomita na tarehe, oili, kilomita na tarehe, chujio za turbo, kilomita na tarehe. Filimbi ndogo bado ipo kwenye mzunguko wa 3,000 hivi. Mzee anasema ni mpira mmoja wa nyuma ambao spea yake inasubiriwa.

Pasaka walipanda tena Iringa. Ruaha Mbuyuni dada alishuka kununua vitunguu, kijana akabaki kwenye usukani, gari inanguruma. Muuza vitunguu akauliza mbona dereva hazimi, mna haraka gani. Kitonga waliipanda taratibu nyuma ya malori, bila moshi. Mama hakuwa nao. Alisema yeye atakuja na basi, na alikuja na basi.